SOMO LA UFUNDI: PIMA KWANZA, NDIPO UBADILISHE



Somo letu la leo ni la gereji, lakini mwisho wake mtaona linafika hata kwenye mshahara. Wengi wetu viwandani na mashambani tunaendesha, tunapakia au tunatengeneza malori yaliyokwisha kutumika Ulaya. Mengi ya malori hayo hayakukalia springi za chuma upande wa nyuma. Yamekalia mifuko ya mpira iliyojaa upepo, na upepo huo unaongozwa kwa umeme. Mitambo ya namna hii ilianza kufungwa katika malori miaka ya 1980.

Kwanza sikilizeni kisa. Katika shamba moja la miwa nilikokuwa mwakilishi wa wafanyakazi, lori la kubeba sukari lilianza kulala upande wa kushoto. Taa ya hatari ikawaka kwenye dashibodi. Fundi wa nje aliletwa na mashine yake, ikasema: sensa ya nyuma kushoto. Sensa mpya ikanunuliwa. Msimamizi akasema dereva ameivunja kwa kupita mashimoni, na bei yake ikaanza kukatwa kwenye mshahara wake, kwa miezi mitatu. Wiki ya pili taa ikawaka tena, na lori likalala vilevile. Je, kosa lilikuwa wapi? Tutalifikia.

MTAMBO UNAVYOFANYA KAZI

Ufikirie kama mwili wa mtu. Macho yake ni sensa za kimo. Sensa imefungwa kwenye chasisi, na fimbo yake ndogo inashika ekseli. Mzigo ukiongezeka, chasisi hushuka, fimbo husogea, na sensa hupeleka habari. Ubongo ni kompyuta ya springi. Mikono ni vali za umeme, zinazoingiza upepo mifukoni au kuutoa. Mishipa ni waya. Macho yakiwa mazima na ubongo mzima, lakini mshipa umekatika, mwili haufanyi kazi.

USALAMA

Usiingie chini ya lori linaloshikiliwa na upepo peke yake. Mfuko ukipasuka au vali ikifunguka, chasisi hushuka ghafla na hakuna atakayekuwahi. Weka kabari kwenye magurudumu na stendi imara chini ya chasisi. Jeki peke yake haitoshi. Msimamizi akikuharakisha, mwambie stendi kwanza.

HATUA ZA KUTAFUTA KOSA

1. Tenga upepo na umeme. Washa injini, ngoja geji za upepo zijae. Breki hujazwa kwanza, springi baadaye, kwa hiyo usihukumu mapema. Pitisha maji ya sabuni kwenye mifuko na mabomba. Povu likitoka, kosa ni la upepo, usianze kukata waya.

2. Tazama taa. Ukifungua ufunguo, taa ya springi huwaka kidogo kisha huzimika. Ikibaki inawaka, kompyuta imeona kosa. Isipowaka kabisa, angalia balbu, fyuzi na umeme unaoingia kwenye kompyuta.

3. Pima betri. Malori haya hutumia volti 24. Injini ikiwa imezimwa na betri ni nzima, mita isome karibu 25. Injini ikiunguruma, isome 27 au 28. Umeme ukiwa hafifu, kompyuta hutoa makosa ya uongo.

4. Pima waya wa bodi. Mtambo ukiwa umewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa bodi wa kompyuta. Isome karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, tafuta bolti yenye kutu. Mbolea, chumvi na maji ya kuoshea hula sana sehemu hizo.

5. Pima waya ukiwa na kazi. Waya uliobakiwa na uzi mmoja unaweza kuonyesha volti 24 kwenye mita, lakini hauwezi kubeba kitu. Chomoa plagi ya kompyuta, kisha unganisha balbu ya volti 24, wati 21, kati ya waya wa umeme unaoingia na waya wa bodi. Ikiwaka hafifu, waya umeliwa. Balbu hiyo usiiguse kwenye waya za sensa, maana unaweza kuua kompyuta.

6. Linganisha kushoto na kulia. Kwanza tazama fimbo: imepinda, au imechomoka? Kisha pima omu za sensa mbili zikiwa zimechomolewa. Zikikaribiana, usiilaumu sensa. Fanya vivyo hivyo kwa koili za vali zilizo za aina moja. Koili isiyopitisha kabisa imekatika.

7. Tikisa waya. Kosa linalokuja na kuondoka, hasa kwenye matuta au mvua, mara nyingi liko kwenye waya au plagi. Mwenzako atazame mita, wewe sogeza waya kidogo kidogo toka sensa hadi kompyuta. Namba ikiruka, umefika.

Na kabla ya kuchomelea chuma kwenye lori, ondoa waya za betri na plagi ya kompyuta.

TURUDI KWENYE KISA

Fundi waya wetu alitumia hatua ya 7. Klipu moja ilikuwa imeanguka, na waya wa sensa ukasugua ukingo wa chasisi mpaka shaba ikaonekana. Mashine haikusema uongo. Ilisema kosa liko katika njia ya sensa ile, na njia hiyo ina sensa, plagi na waya. Waliosikia "sensa" ndio waliokosea. Fundi aliunga waya, akafunga klipu mpya, taa ikazimika.

Vipimo vyote alikuwa ameviandika daftarini, pamoja na tarehe. Tulikwenda na daftari hilo ofisini. Makato ya miezi miwili yaliyobaki yakafutwa. Ya mwezi wa kwanza hayakurudishwa, kwa sababu siku yalipokatwa dereva alinyamaza na sisi hatukuuliza.

Mkataba nambari 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara ukatwe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya msimamizi haimo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mita inaweza kuonyesha volti 24 na waya bado ukawa mbovu?
2. Gereji yenu ina stendi ngapi? Zinatosha?
3. Nani anaandika daftari la vipimo, na linakaa wapi?

Pima, andika, ndipo ubadilishe.