Vyuma Mwilini na Picha za Hospitali: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Migodini, Shinyanga na Geita

Mwongozo huu unamhusu mfanyakazi yeyote aliyewahi kuvunjika mfupa akawekewa vyuma, au antena kama wengi tunavyosema, awe ameajiriwa Bulyanhulu au mgodi wa Geita, awe mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Mgusu au Rwamgasa. Mfupa ukishaunga, mtu hurudi kazini na vyuma husahaulika. Siku akihitaji picha ya CT au ya MRI, chuma hicho kinaweza kumpa daktari picha isiyo ya kweli, hasa ikiwa aliyempiga picha hakuambiwa mapema.

CT hutumia mionzi ileile ya eksirei. Nyama huipitisha, mfupa huipunguza, chuma huizuia sehemu kubwa. Mashine huzunguka mwili na kompyuta hujenga picha kwa kukusanya vipimo vya pande zote. Pale mionzi ilipozuiwa, vipimo hukosekana na hesabu hupotoka. Kinachoonekana ni michirizi myeupe na myeusi inayotawanyika kutoka kwenye chuma. Mchirizi mweusi unaweza kudhaniwa kuwa ni ufa wa mfupa, au kwamba chuma kimelegea. Mweupe unaweza kufunika usaha uliopo kweli. Ukubwa wa tatizo hutegemea aina ya chuma: titani huharibu picha kidogo kuliko chuma cha pua. Fimbo za SIGN, zinazowekwa ndani ya mfupa katika hospitali zetu zikiwemo MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili) na Bugando ya Mwanza, ni za chuma cha pua kisichoshika kutu, kwa hiyo wengi wetu tumo katika kundi lenye michirizi mingi.

Mtaalamu wa mionzi akijua mapema, anayo ya kufanya. Anaweza kuongeza nguvu ya mionzi, kubadili mkao wa kiungo, au kutumia programu ya kupunguza michirizi. Programu hiyo nayo ina kasoro yake: wakati mwingine huacha kivuli kando ya chuma kinachofanana na dalili ya kulegea. Ndiyo maana daktari anapaswa kuona picha zote mbili, iliyosafishwa na isiyosafishwa. Unayo haki ya kuuliza kama ameziona.

MRI haitumii mionzi. Hutumia sumaku, na iliyo ya kawaida, ya tesla 1.5, ina nguvu mara 30,000 hivi ya sumaku ya dunia. Chuma huivuruga sumaku hiyo kwa jirani yake, basi picha hapo hupinda au huwa shimo jeusi. Mashine ya tesla 3, ingawa ina nguvu zaidi, kwa kawaida huvuruga zaidi penye chuma. Fimbo na sahani nyingi zilizofungwa ndani ya mwili haziwezi kung'olewa na sumaku. Antena za nje ya ngozi ni lazima zichunguzwe aina yake kwanza, maana baadhi huvutwa au hupata joto.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote kwa watu wa kazi zetu haiko mguuni, iko jichoni. Anayegonga patasi kwa nyundo ndani ya duara, anayechomelea, anayekata chuma kwenye karasha, huweza kuingiwa na kipande kidogo cha chuma jichoni, akahisi mchomo kisha akapona juujuu. Ndani ya chumba cha MRI, kipande hicho huweza kusogea na kumpofusha. Ukiwahi kurukiwa na chuma jichoni, hata kama ni miaka mingi iliyopita, sema kabla hujaingia, na upigwe eksirei ya macho kwanza. Sumaku ya MRI haizimwi kati ya mgonjwa na mgonjwa. Mlango wa chumba ndio mpaka. Vua pia bangili, pete, mkanda na hirizi yenye chuma. Hakuna mtaalamu mwenye busara atakayekucheka kwa hirizi.

Baada ya upasuaji omba karatasi yenye tarehe, hospitali, mahali chuma kilipo na aina ya chuma chenyewe. Ipige picha kwa simu, na nakala iwekwe katika faili lako la zahanati ya kazini. Tunza eksirei za zamani, kwani daktari hugundua mabadiliko kwa kulinganisha. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya Geita hadi Bugando imekuwa rahisi, lakini nauli na siku ya kazi bado hupotea bure ukifika bila karatasi hiyo.

Usiache uchunguzi wa afya unaotakiwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 kwa kuogopa vyuma. Fimbo ya mguuni haigusi eksirei ya kifua inayotafuta silikosisi na kifua kikuu. Huharibu picha ya pale ilipo na jirani yake tu. Usikubali pia kung'olewa chuma kwa ajili ya picha peke yake kabla hujaongea na daktari wa mifupa. Picha ikishindikana, muulize kama eksirei ya pande mbili, altrasaundi ya kutafuta usaha, au kipimo cha damu vinaweza kumpa jibu analolitafuta.