Barua Pepe Ikigoma, Tafuta Palipokatika

Barua pepe ikigoma kwenda, wengi wetu huku Malimbe na Nyegezi tuna jibu moja: "Mtandao unasumbua." Tunanunua bando jingine, tunazima ruta na kuiwasha, na saa ya mwisho ya kukusanya kazi inapita. Kumbe mara nyingi mtandao ni mzima. Kilichokwama ni hatua moja kati ya nne, na ujumbe wa kosa unaotokea kwenye kioo hukuonyesha ni ipi. Usiufute kabla ya kuusoma.

Hatua ya kwanza ni kufika kwenye intaneti. Fungua tovuti yoyote. Simu ya mwenzako iliyo kwenye waifai hiyo hiyo ikifungua na kompyuta yako isifungue, shughulika na kompyuta yako. Zikigoma zote, angalia ruta na salio. Kuna siku tatizo linakuwa mbali kabisa: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo huna cha kutengeneza. Mpigie msimamizi wako simu mapema.

Hatua ya pili ni jina la seva. Ukiambiwa seva haikupatikana wakati tovuti zinafunguka, kagua jina herufi kwa herufi. Nukta moja ikikosekana, hufiki.

Hatua ya tatu ni poti, yaani mlango wa seva. Barua zinazoingia kwa IMAP hupita poti 993. Zinazotoka hupita 465 au 587. Zamani zilitoka kwa poti 25, ila kampuni nyingi za intaneti zimeifunga kwa wateja wa majumbani ili kuzuia barua taka. Ndiyo maana unaweza kupokea vizuri na kutuma ukashindwa. Kwenye geto letu tuko wanne kwa ruta moja. Sura ya tatu ya utafiti wa mwenzetu ililala jioni nzima bila kutoka, huku barua za wengine zikimiminika kwake. Mipangilio yake ilikuwa bado poti 25. Tuliweka 587 na usalama wa STARTTLS, ikaondoka palepale. Kwenye Windows unaweza kupima mwenyewe: fungua PowerShell, andika Test-NetConnection smtp.gmail.com -Port 587. Ukiona True mwishoni, mlango uko wazi.

Hatua ya nne ni kutambuana. Neno la siri sahihi likikataliwa, huenda programu yako ni ya zamani. Tangu Mei 2022 Google ilianza kuzikatalia programu zinazoingia kwa jina na neno la siri pekee. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha tengeneza neno la siri maalumu kwa programu hiyo.

Kingine ni saa, hasa kwa sisi wenye kompyuta za mtumba. Betri ndogo ya ndani ikifa, umeme ukikatika kompyuta hurudi nyuma miaka. Cheti cha usalama cha seva kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani tuko 2009 hukiona bado hakijaanza, inakikataa. Rekebisha tarehe kwanza. Usizime ulinzi ili barua ipite tu: kwenye waifai ya watu wengi, neno lako la siri linaweza kusomwa na mwingine.

Muda ukikubana, usianze ufundi. Washa hotspoti ya simu, ingia kwenye barua pepe kupitia kivinjari, tuma kazi. Kisha rudi kwenye hatua zako nne taratibu, ukianzia ya kwanza.