Esansi, Mazutu au Umeme: Ni Mashine Ipi Inayolinda Mapafu Yetu?



Tangu magari na pikipiki za umeme zianze kusemwa sana, swali moja linarudi mara nyingi mbele ya mlango wa dispansari: «Muganga, ni kweli kwamba mashine ya umeme ni bora kuliko ya esansi ao ya mazutu?»

Mimi kazi yangu si kuuza magari. Nitajibu upande wa afya na usalama tu. Na mtaona kwamba jibu si moja. Kuna jibu la chini ya ardhi, jibu la barabarani na jibu la nyumbani. Someni yote matatu, kwa sababu lile la nyumbani ndilo linaloua watu upesi zaidi.

1. MOSHI UNA NINI NDANI YAKE?

Injini ya esansi au mazutu ni kama jiko. Inavuta hewa, inachoma mafuta, inatupa moshi. Ndani ya moshi huo kuna vitu vinne vya kujua:

a) Monoksidi ya kaboni, yaani CO. Haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo. Ikiingia katika damu, inashikana na chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inaendelea kutembea, lakini haibebi tena kitu cha kumwezesha mtu kuishi. Injini ya esansi inatoa CO nyingi kuliko ya mazutu. Ndiyo sababu injini za esansi hazitakiwi kabisa chini ya ardhi.

b) Oksidi za nitrojeni. Hizi zinachoma mapafu. Mtu anaweza kuzivuta mchana, akakohoa kidogo, akarudi nyumbani akila vizuri, kisha usiku mapafu yakajaa maji.

c) Masizi. Ni unga mweusi mwembamba sana, ambao unapita puani na kufika mwisho wa mapafu. Injini ya mazutu inatoa mengi.

d) Kaboni dioksidi, yaani CO2. Watu wa Goma wanaijua tayari, kwa kuwa ndiyo gesi ya mazuku, ile inayotoka ardhini na kulala katika mabonde madogo kandokando ya ziwa na upande wa Sake, na kuua mbuzi na watu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakaa chini.

Msichanganye CO na mazuku. Mazuku inakaa shimoni, lakini CO ina uzito karibu sawa na hewa, kwa hiyo inajaza chumba chote, kitandani na mezani. Kupanda juu ya kiti hakutakuokoa.

Tukumbuke tena kwamba sisi tunakaa juu, karibu mita 1,500 kuliko bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Matadi au Mombasa, pungufu kwa karibu sehemu moja katika saba. Injini isiyotengenezwa vizuri inakosa hewa ya kutosha, inachoma mafuta nusunusu, na moshi unazidi.

2. JIBU LA CHINI YA ARDHI

Hapa jibu ni wazi: kwa mapafu ya mchimbaji, mashine ya umeme ni bora.

Juni 2012, idara ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza kansa iliweka moshi wa mazutu katika kundi la kwanza, yaani vitu vinavyojulikana kabisa kuwa vinaleta kansa kwa binadamu. Moshi wa sigara umo katika kundi hilohilo. Ushahidi mmoja ulitoka kwa watu kama sisi. Walichunguzwa wafanyakazi zaidi ya 12,000 wa migodi 8 ya Marekani, na wale waliovuta moshi mwingi zaidi walikufa zaidi kwa kansa ya mapafu.

Mota ya umeme haina bomba la moshi. Tena haitoi joto jingi, na kelele yake ni ndogo. Ndiyo sababu treni ndogo za batri zimevuta mawe katika mashimo ya dunia tangu zamani, na mgodi wa Borden huko Ontario, Kanada, uliofunguliwa mwaka 2019, ulipangwa tangu mwanzo kutumia mashine za umeme.

Lakini mtu asiseme: «Sasa tuna batri, tuzime feni.» Hapana! Moshi wa baruti ungali pale. Vumbi la mawe lingali pale. Gesi za ardhi zingali pale. Mashine ya umeme inaondoa adui mmoja tu kati ya wanne.

Na pale ambapo mashine ya mazutu bado inatumika, fanya hivi: zima injini ukingoja mzigo, usikae nyuma ya bomba la moshi, mwambie mkubwa wako wa kazi siku ileile moshi ukiwa mweusi kuliko kawaida. Moshi mweusi ni injini inayougua, na ugonjwa wake utakuhamia wewe.

3. JIBU LA BARABARANI

Gari la umeme si jambo la jana. Tarehe 29 Aprili 1899, karibu na Paris, Mbelgiji Camille Jenatzy alipita mwendo wa kilomita 100 kwa saa, na gari lake lilikuwa la batri. Kabla yake hakuna gari lolote lililokuwa limefika mwendo huo. Esansi ilishinda baadaye kwa sababu tangi dogo linabeba nguvu nyingi, na batri za risasi za wakati ule zilikuwa nzito mno.

Leo batri za lithiamu ni nyepesi zaidi, na hesabu imebadilika. Katika esansi unayonunua, karibu robo tu ya nguvu yake inasukuma magurudumu. Nyingine inapotea kama joto. Mota ya umeme inatumia zaidi ya sehemu 8 katika 10 za nguvu inayopewa. Jirani zetu wa Kigali walianza kutumia pikipiki za umeme za kubeba abiria mwaka 2019: motari anafika kituoni, anaacha batri iliyokwisha, anachukua iliyojaa, anaendelea na kazi. Mtu anayeshinda barabarani saa kumi kwa siku anapata faida kubwa kifuani mwake.

Je, umeme wenyewe unatoka wapi? Hilo ndilo swali la pili. Ukitoka kwenye maji, kama kituo cha Matebe katika Rutshuru kilichozinduliwa Desemba 2015, basi hakuna moshi mwanzo wala mwisho. Lakini ukijaza batri ya pikipiki kwa grupu ya mazutu nyuma ya nyumba, moshi haukuondoka. Umeutoa barabarani ukauleta dirishani mwa watoto.

Tusisahau pia hatari ya moto. Wazee wa mji wetu wanakumbuka Januari 2002. Nyiragongo ilipasuka tarehe 17, na siku chache baadaye kituo cha esansi katikati ya Goma kililipuka wakati watu walipokuwa wakichota mafuta karibu na mawe ya moto. Makumi ya watu walikufa. Mvuke wa esansi hauonekani na unatembea chini chini mpaka ukutane na moto. Usiweke bidoni ya esansi chumbani au karibu na makala.

Na sisi wachimbaji tuna neno letu la kusema. Batri nyingi zinahitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa katika nchi yetu, hasa upande wa Kolwezi. Kasiteriti ya Kivu inatoa bati la kulehemu nyaya, na koltani inaingia katika vyombo vya elektroniki. Kwa hiyo gari linaloitwa safi huko Ulaya linaanza safari yake ndani ya vumbi letu. Halitakuwa safi kweli kama aliyechimba mawe yake alichimba bila maji ya kuzuia vumbi na bila kinga ya pua.

4. UMEME NAO UNA MENO

Mashine ya umeme haina moshi, lakini si kondoo. Hatari zake ni hizi:

— Batri ya risasi ikijazwa inatoa gesi ya hidrojeni. Gesi hiyo ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa, cheche moja inatosha kulipua. Jaza batri mahali penye hewa, fungua milango, usivute sigara, zima chombo cha kujazia kabla ya kuondoa nyaya.

— Asidi inachoma macho na ngozi. Ikikurukia, osha kwa maji mengi, si chini ya robo saa, kisha njoo dispansari. Usipake mafuta wala dawa ya meno.

— Batri ya lithiamu iliyopigwa, kutobolewa au kuvimba inaweza kuwaka yenyewe. Moshi wake ni sumu, na hata ukidhani moto umezimika unaweza kurudi. Usibaki kupigana nao. Ukiwa shimoni, piga alama ya hatari na uende upande ambako hewa safi inatokea. Waachie wazima-moto waliofundishwa.

— Mashine ya umeme inakuja kimya. Aliyezoea kusikia injini anaweza kugongwa. Shoferi apige honi na kuwasha taa. Mtembea kwa miguu ageuze kichwa.

— Usivunje batri kuukuu nyumbani ili kuyeyusha risasi. Sumu ya risasi inaharibu akili ya mtoto na haitengenezeki tena. Katika Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha batri kuukuu kilipeleka risasi katika damu ya wakaaji. Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fedha hizo haziwezi kurudisha akili ya mtoto iliyopotea.

5. JIBU LA NYUMBANI

Sasa niwaambie jambo lililonifanya niandike somo hili.

Usiku mmoja wa mvua tuliletewa baba mmoja, mke wake na watoto wawili. Umeme ulikuwa umekatika. Baba aliogopa wezi, akaingiza grupu ndogo ya esansi katika korido na kufunga mlango. Mama aliamka kwa kichwa kuuma, akaona watoto hawaamki, akawakokota nje. Hao wanne walipona. Mdogo wa baba, aliyelala sebuleni karibu na mashine, alifika kwetu amekwisha kufa. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyelala tu.

Baba yule si mjinga. Alilinda mali yake, maana grupu ni mshahara wa miezi. Kwa hiyo sitawaambia tu «itoe nje» bila kuwasaidia. Ifunge kwa mnyororo na kufuli kwenye jiwe kubwa au chuma kilichozikwa. Ijengee kipaa kidogo cha bati kisicho na kuta. Iwe mbali na milango na madirisha yote, na bomba lake la moshi litazame mbali na nyumba, yako na ya jirani. Kama huwezi kuilinda nje, basi usiku izime na uwashe taa ya jua. Mwizi atachukua mashine moja, lakini CO itachukua jamaa nzima.

Makala katika chumba kilichofungwa yanatoa gesi hiyohiyo. Usilale na imbabula ndani.

6. UTAJUAJE, NA UFANYE NINI?

Dalili za CO: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, miguu kulegea, usingizi. Wengi husema ni malaria. Lakini malaria haishiki watu wote wa nyumba saa moja, wala haipungui ukitoka nje. Ukiona hivyo, ni gesi.

Kwanza, toeni watu wote nje kwenye hewa safi, na mzime mashine kama inawezekana bila kukawia. Pili, kama hapumui, mpulizie pumzi kinywani bila kuacha. Tatu, mpelekeni lopitali apewe oksijeni, hata kama anasema amepona. Mama mwenye mimba aende haraka zaidi, kwa kuwa mtoto tumboni anaumia kuliko yeye. Shimoni, usiingie kumfuata mwenzako bila chombo cha kupumulia. Tumezika waokoaji wengi kwa sababu ya haraka.

TUKUMBUKE

Chini ya ardhi, umeme ni bora, lakini feni zisizimwe. Barabarani, umeme ni bora kama unatoka kwenye maji au jua, na kama batri inatunzwa. Nyumbani, usiingize hata mara moja mashine yenye bomba la moshi.

Leo jioni, kabla ya kulala, baba na mama mtembee pamoja kuzunguka nyumba na mjiulize: Mashine yetu iko wapi? Esansi yetu iko wapi? Batri yetu inajaziwa wapi? Mkipata jibu baya kwa swali moja, msingoje kesho.

Kinga ni bora kuliko tiba.