Anza na Mguu wa Nyuma, Shingo Itafuata

Farasi wengi ninaowashika ni waliostaafu mbio za Ngong, Nairobi. Kwenda mbele wanajua sana. Ukimwambia azunguke duara dogo, anakuletea kichwa huku bega likikimbilia nje na mwili umekakamaa kama ubao. Kabla ya kumtandika, mimi humnyoosha nikiwa chini, kwa kamba na ufito tu.

Wengi huhangaika na shingo. Shingo ina pingili 7 na hupinda bila taabu, ilhali sehemu ya mgongo inayobeba mbavu ina pingili 18 na hupinda kidogo mno. Kwa hiyo pua kugusa bega haikuambii kitu. Mimi hutazama mguu wa nyuma wa upande wa ndani: ukiingia chini ya tumbo, mbavu husogea nje na shingo hujipinda yenyewe.

Msimamishe, kaa kando ya bega lake la kushoto ukielekea pajani. Ilete pua kwako kidogo, uone kope za jicho la upande huo, basi. Elekeza ufito kwenye paja, asiposogea, mguse. Mguu wa nyuma wa kushoto unatakiwa uvuke mbele ya ule wa kulia. Ukipita nyuma, ujue anakukwepa: mtembeze hatua moja mbele, kisha omba tena. Akikupa hatua moja safi, shusha ufito papo hapo na umwache apumzike, kwa maana kule kuachiwa ndiko kunakomfundisha. Akishusha shingo na kupuliza pua, ameelewa. Hamia kulia, na usishangae kukuta pagumu zaidi. Farasi wetu huongozwa kwa kushoto tangu wangali wadogo.

Baada ya hapo mzungushe duara la mita 10 hivi, halafu umbo la nane kuzunguka madebe mawili. Kwenye makutano ya nane mnyooshe hatua mbili tatu kabla ya kumgeuza. Tembea tu, mchakamchaka utakuja baadaye.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni bega ndani, alilolieleza Mfaransa François Robichon de la Guérinière katika karne ya 18. Mtembeze kando ya ua. Kwenye kona anza kana kwamba mnaingia duara, kisha endelea na ua, mabega yakiwa ndani kidogo na miguu ya nyuma ikibaki kwenye njia yake. Geuka utazame vumbi: nyayo zikiwa mistari mitatu, mmepatia. Ikiwa minne, umemsukuma kupita kiasi.

Karoti ninaziacha mwisho, mwili ukiwa umepata joto. Mfuatishe karoti hadi ubavuni, kiunoni, kisha katikati ya miguu ya mbele, akae hapo sekunde chache bila kunyakua. Mwaka 2011 watafiti Narelle Stubbs, Hilary Clayton na wenzao walipima farasi 8 waliofanyishwa mazoezi ya namna hii kwa miezi 3, wakakuta misuli inayoshikilia uti wa mgongo imenenepa.

Kamba za kumfunga kichwa pembeni sizitumii. Na farasi aliyekuwa akipinda vizuri, ghafla akagoma upande mmoja, namwita daktari wa mifugo akague meno, kwato na mgongo kabla sijaushika ufito tena.