Chupa ya jeli na usalama wa mgonjwa wa fiziotherapia

Sisi wa fiziotherapia tunamshika mgonjwa kwa muda mrefu: tunamnyanyua, tunamkanda, anatuegemea, anatukoholea. Kwa hiyo kwangu kazi huanzia mikononi, kabla sijamgusa. Wengi hunawa baada ya kumhudumia, kwa kujihofia wenyewe, na mwenye kidonda anayefuata ndiye anayeumia. Kitakasa mikono kisugue sekunde 20 hadi 30 mpaka kikauke. Kwa maji na sabuni, sekunde 40 hadi 60. Mikono ikionekana michafu, au mgonjwa akiwa anaharisha, nenda bombani. Pete na saa vua kabla ya zamu.

Kinachonikera zaidi ni chupa ya jeli ya altrasaundi. Vitengo vingi hununua dumu la lita 5, hujaza chupa ndogo, na ikibaki robo huongezea juu yake. Bakteria wa Pseudomonas humea humo bila shida. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu jeli iliyokutwa na bakteria hao baada ya wagonjwa wa upasuaji kuambukizwa. Mimi chupa ikiisha naiosha, naikausha kabisa, ndipo naijaza na kuandika tarehe ubavuni. Mdomo wake usiguse ngozi. Kichwa cha mashine kifute jeli yote kwanza, kisha ukipake dawa anayoiruhusu mtengenezaji. Karibu na kidonda, tumia jeli tasa ya pakiti, ya mgonjwa mmoja.

Kitanda nakifuta kila mgonjwa anaposhuka. Damu ikidondoka, vaa glavu, ifute, kisha tia klorini ya 0.5% kwa dakika 10. Jiki ya 3.5% huchanganywa sehemu moja kwa maji sehemu sita, upya kila siku. Suuza baadaye, maana klorini hula chuma. Kitanda kilichopasuka ngozi hakisafishiki, kishonewe nyingine.

Kwenye mazoezi ya kifua, fungua madirisha na usimame ubavuni mwa mgonjwa, si mbele ya mdomo wake. Ukishuku kifua kikuu, vaa N95. Barakoa ya kawaida ya upasuaji haikukingi vya kutosha.

Wakuu wa vitengo, nawaomba: kabla ya kununua mashine nyingine, hakikisheni kila kitanda kina kitakasa mikono pembeni, kwa sababu mhudumu mwenye foleni ndefu mlangoni hatembei hadi mwisho wa korido kunawa.