Masizi Juu ya Kichocheo

Muhula uliopita nalifundisha Kidato cha Tatu habari za vichocheo. Niliandika ubaoni kwamba kichocheo huharakisha mabadiliko ya kikemia, na kazi ikiisha hubaki kama kilivyokuwa. Mwanafunzi mmoja akasimama, akauliza, “Mwalimu, kama hubaki vile vile, mbona viwandani hukitupa wakanunua kingine?” Nikamwambia akae, tuna mengi ya kumaliza. Halikuwa jibu. Leo nalipa deni.

Tuanze jikoni. Sufuria zetu hapa Bariadi, zikiinjikwa juu ya kuni, hupata masizi. Masizi ni kaboni ambayo haikupata hewa ya kutosha kuungua. Sasa twende kwenye viwanda vya kusafisha mafuta. Afrika Mashariki tulikuwa navyo Changamwe, Mombasa, tangu 1963 hadi 2013, na Kigamboni, Dar es Salaam, tangu 1966. Siku hizi vyote viwili ni mahali pa kuhifadhia mafuta. Katika kazi ya kutengeneza petroli bora, mvuke wa mafuta hupitishwa juu ya punje zenye platinamu, katika joto la kadiri ya digrii 500. Molekuli chache huharibika njiani, na kaboni yake hubaki, ikiziba vitundu vya kichocheo. Kaboni hiyo huitwa koke.

Wataalamu huionaje? Hadubini ya shule hukuza mara 400, nayo haitoshi. Mwaka 1931 Ernst Ruska na Max Knoll, huko Berlin, walitengeneza hadubini itumiayo elektroni badala ya mwanga. Kwa chombo cha namna hiyo imeonekana kwamba juu ya nikeli kaboni huweza kuota kama uzi, ikiinyanyua chembe ya nikeli kutoka mahali pake.

Kuona umbo peke yake hakutoshi. Yafaa kujua ni kaboni ya namna gani. Mwaka 1928 C. V. Raman wa Uhindi aligundua kwamba kitu kikimulikwa kwa mwanga wa rangi moja, sehemu ndogo sana ya mwanga hurudi imebadilika rangi. Kaboni huonyesha vilele viwili, karibu na 1580 na 1350, kwa hesabu ya mawimbi katika sentimita moja. Kilele cha kwanza ni cha tabaka zilizopangika kama za risasi ya penseli. Cha pili hutokea tabaka zikivurugika.

Faida yake ni nini? Koke huondolewa kwa kuichoma kwa hewa: C + O₂ → CO₂. Iliyopangika sana kwa kawaida ni ngumu kuungua. Lakini moto ukizidi, chembe za platinamu hushikamana na nguvu ya kichocheo hupungua.

Basi, mwanafunzi wangu, ubao haukudanganya, ila haukumaliza maneno. Kichocheo hakiliwi na kazi yake. Huzeeshwa na masizi na moto. Ulikuwa na haki ya kuuliza. Uliza tena.