Si Chango, Wala Si Jini: Endometriosisi na Maumivu ya Tendo

Ilikuwa wiki ya mitihani, tuko hosteli, taa imezimwa. Rafiki yangu akanieleza kitu alichokuwa amekibeba kwa zaidi ya mwaka: kila akikutana na mwenzake, anaumia. Siyo mwanzoni, ni ndani kabisa, kama anachomwa, na kesho yake anakaa darasani tumbo la chini bado linavuta. Hedhi yake nayo ni ya kulala chini siku mbili. Hiyo ya hedhi aliwahi kuisema nyumbani, mama mkubwa akasema ni chango, akizaa litaisha. Hili la tendo alimgusia mtu mmoja tu, akaambiwa ana jini mahaba, atafutiwe wa kumsomea. Zahanati walimpa dawa za UTI mara tatu. Basi akaamua kuvumilia. Ameniruhusu niandike, jina lake nimeliacha.

Kilichokuja kugundulika baadaye ni endometriosisi. Ndani ya mfuko wa uzazi kuna utando unaojengeka kila mwezi na kutoka kama hedhi. Katika ugonjwa huu, tishu zinazofanana na utando ule huota nje ya mfuko: kwenye ovari, kwenye kano zinazoshikilia mfuko, au nyuma yake, pale katikati ya mfuko na utumbo wa haja kubwa. Homoni za kila mwezi zinazichochea, panavimba, panafanya makovu, na viungo vinavyotakiwa kuteleza vinanatana. Zikikaa nyuma ya mfuko, ndipo hasa panaposukumwa wakati wa tendo. Ndiyo maana wengine huumia pia wakienda haja kubwa siku za hedhi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unawapata takriban 10% ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa. Hesabu mwenyewe, kwenye korido yako wako wangapi.

Sasa, kwa nini nasema kuvumilia ndiko kulikomharibia zaidi? Wenzangu wa elimu mnamkumbuka Pavlov na mbwa wake: chakula kikiletwa pamoja na kengele mara nyingi, mwishowe kengele peke yake inatosha kumtoa mate. Mwili unajifunza hivyohivyo. Ukiumia mara kumi kwenye tendo, mara ya kumi na moja misuli ya nyonga inabana kabla hata hujaguswa. Kule kubana kunaleta maumivu mapya, safari hii mwanzoni, na ukavu juu yake kwa sababu mtu mwenye hofu halainiki. Yaani unakuwa na maumivu mawili, la ugonjwa na la kujifunza. Dawa ya la kwanza haifuti la pili moja kwa moja.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusimama. Ikiuma, acheni, siyo "malizia tu". Kaka zangu, hapa nawasema ninyi: mwenzako akikwepa usidhani ana mtu mwingine. Muulize panauma wapi, lini, na afanyiwe nini ajisikie salama. Kukumbatiana na kushikana bila kuingiliana kabisa, hata kwa wiki kadhaa, kunaupa mwili nafasi ya kusahau ile kengele.

Mkirudi, anayeamua kina na kasi awe mwanamke. Akiwa juu, au mkilala ubavu, anaweza kupunguza mwenyewe. Mikao inayoingiza kwa kina sana ndiyo inayogonga pale nyuma. Tumieni kilainishi cha maji. Mafuta ya kujipaka hapana, yanadhoofisha kondomu za mpira hadi zinapasuka. Wengi huumia zaidi siku za kukaribia hedhi na za hedhi yenyewe, hivyo angalieni kalenda. Ibuprofeni baada ya kula, kabla ya tendo, huwasaidia baadhi ya watu, lakini mwenye vidonda vya tumbo asiiguse bila kumuuliza daktari. Na yale mazoezi ya kubana uke yanayosambazwa kwenye simu, jamani, hayamfai mtu huyu. Misuli yake imeshabana tayari. Inatakiwa ijifunze kulegea, kwa pumzi ndefu ya tumboni na, akipatikana, mtaalamu wa fiziotherapia anayejua nyonga.

Hayo yote hayaondoi ugonjwa wenyewe, huo ni wa daktari wa wanawake. Rafiki yangu aliandika kwenye daftari kwa miezi miwili: tarehe, siku ya mzunguko, panauma wapi, yanadumu muda gani. Aibu ilimkaba alipofika mbele ya daktari, akalisukuma daftari mezani. Lilisema zaidi ya alivyoweza kusema yeye. Ultrasaundi yake ilikuwa safi, na hapo wengi hukata tamaa, lakini picha safi haimaanishi huna ugonjwa, maana vidonda vidogo mara nyingi havionekani. Daktari anaweza kuanza matibabu kwa dalili: vidonge vya homoni, au kitanzi chenye homoni. Vikishindikana kuna upasuaji wa matundu madogo, ambao huwasaidia wengi ingawa ugonjwa unaweza kurudi. Maambukizi ya nyonga na uvimbe wa ovari navyo huleta maumivu ya namna hii, hivyo usijipachike jina la ugonjwa kwa kusoma makala yangu.

Yeye alipewa vidonge vya kila siku bila kupumzika, hedhi ikapungua sana. Miezi ya kwanza alichafukwa kidogo na tumbo. Maumivu ya tendo hayajaisha, yamepungua, na kuna siku anasema leo hapana. Mwenzake siku hizi ndiye anayemkumbusha daftari.